Nyufa kwenye rangi ya magari ya fibaglasi: Chunguza kabla ya kupaka upya

Anayesimama kwa muda katika njia panda ya Rodi Kopany, kaunti ya Homa Bay, mahali zinapokutana barabara za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, huiona fibaglasi ikipita mbele yake mara nyingi bila kuitambua. Uso wa basi lililoundiwa bodi humu nchini, kanopi iliyofunika mgongo wa pikapu, bampa iliyofinyangwa upya baada ya ajali, hata mashua inayovutwa kwa trela kuelekea ziwani: aghalabu vyote hivyo ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini.

Akisogea karibu, hasa kwa chombo kilichotumika miaka kumi au zaidi, huenda akaona jambo la pili. Rangi imejaa nyufa. Nyingine ni nyembamba kama unywele, nyingine zimetapakaa mfano wa miguu ya buibui, na nyingine zimeikata rangi vipande vipande kama tope la kinamasi lililokaushwa na kiangazi.

Mwenye gari huambiwa kwamba rangi imezeeka. Msasa unapitishwa, puti inapakwa, rangi mpya inapulizwa na malipo yanatolewa. Baada ya misimu miwili ya mvua nyufa zile zile zinarudi mahali pale pale.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipia kazi ya namna hiyo mara mbili kwa kanopi moja, katika gereji mbili tofauti, kabla ya fundi wa tatu kuingia ndani ya kanopi akiwa na tochi. Alichokiona ni boliti iliyokazwa mno bila kuwekewa mpira. Rangi haikuwa na kosa lolote; ilikuwa ikitoa habari tu za mambo yaliyokuwa yakitendeka chini yake.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulielewi. Katika bodi ya chuma, rangi inapoharibika mara nyingi adui ni kutu, na kila mtu anamjua. Fibaglasi haipati kutu. Kwa sababu hiyo tunadhani ufa wake ni wa juujuu, ilhali huenda ukawa umeanzia katika tabaka lolote kati ya manne au matano, na kila tabaka lina tiba yake.

Funzo kutoka kwa magari ya michezo

Walioumia zaidi kwa tatizo hili, na kwa hivyo waliolichunguza zaidi, ni wenye magari ya michezo ya zamani.

Mwaka wa 1953, mwaka ule ule mashindano ya Safari yalipoanzishwa Afrika Mashariki kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, kampuni ya Chevrolet ilianza kuunda Corvette mjini Flint, Michigan, nchini Marekani. Magari 300 yaliundwa mwaka huo, yote meupe, na bodi zake zilikuwa za fibaglasi. Nchini Uingereza kampuni ya Lotus ilitoa Elite mwaka wa 1957, gari lililokwenda mbali zaidi, kwani halikuwa na chesisi ya kawaida ya chuma. Bodi yenyewe ya fibaglasi ndiyo iliyobeba uzito.

Sababu ya kuipenda fibaglasi ilikuwa fedha. Mashine za kufinyanga mabati ya gari hugharimu mali nyingi, na gharama hiyo hurudi tu iwapo magari mengi yatauzwa. Kalibu ya fibaglasi huweza kutengenezwa na mafundi wachache katika banda la kawaida. Ni sababu hiyo hiyo inayowafanya waundaji wa bodi za mabasi humu nchini kuitumia kwa sehemu za mbele na za nyuma zenye mikunjo mingi.

Wapenzi wa Safari Rally wenye umri wa mwandishi huyu au zaidi watalikumbuka gari la Lancia Stratos, lenye umbo la kabari. Mwaka wa 1975 Sandro Munari alilimalizia mashindano katika nafasi ya pili na Björn Waldegård akawa wa tatu na jingine kama hilo, wote nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Munari alirejea mwaka wa 1977 akamaliza wa tatu. Sehemu ya mbele na ya nyuma ya Stratos zilikuwa za fibaglasi, zikifunguka kama vifuniko vikubwa kutoka kwa kiunzi cha chuma cha katikati.

Katika mbio zile hapana aliyejali ufa kwenye rangi. Bodi ilitakiwa kufika mwisho wa mashindano, basi. Shida huja gari linapotarajiwa kuishi miaka 50 na bado kung'aa.

Magari ya namna hiyo ni machache humu nchini, na hayaongezeki kwa urahisi kwa kuwa kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yaliyopita umri wa miaka minane. Lakini yaliyogunduliwa kwayo yanaihusu kanopi ya Rodi sawasawa na yanavyoihusu Lotus ya London.

Namna bodi inavyoumbwa

Fibaglasi huumbwa kinyume na ukuta wa nyumba: upande wa nje ndio hutangulia. Kalibu hupakwa nta ili kazi isigande ndani yake. Kisha hupakwa jelikoti, ambayo ni ngozi ya rezini tupu isiyo na nyuzi, yenye unene wa karibu nusu milimita. Nyuma yake hulazwa mikeka ya nyuzi za kioo inayoloweshwa rezini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha, tabaka baada ya tabaka. Ikishaganda, hutolewa kwenye kalibu, huoshwa nta, hupigwa msasa, na ndipo ipakwe rangi ya msingi na rangi ya juu.

Si magari yote yaliyofuata njia hiyo. Paneli za Corvette kwa miaka mingi zilishindiliwa kati ya kalibu mbili bila ngozi ya jelikoti, kisha zikaunganishwa kwa gundi na vipande vya kuegemeza kwa ndani. Ndiyo maana Corvette ya zamani aghalabu hutoa ufa mmoja mrefu ulionyooka juu ya madigadi: ni mshono unaojitokeza, wala haumaanishi kwamba gari liligongwa.

Nta ya kalibu inastahili kutajwa zaidi. Fundi akiipiga msasa kabla ya kuiosha, huisukumiza ndani ya mikwaruzo, na rangi inayofuata haishiki. Hujikunja na kuacha vijicho, au hushika kwa muda kisha hubanduka kama ngozi ya nyoka. Kubanduka si kupasuka, ingawa wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Jua, mvua na mtikisiko

Kwa nini basi rangi inayodumu kwenye bati ipasuke kwenye fibaglasi?

Sababu ya kwanza ni joto. Paneli ya chuma yenye urefu wa mita moja ikiongezewa joto la nyuzi 40 hurefuka kwa karibu nusu milimita. Ya fibaglasi ya kawaida hurefuka takriban mara mbili ya hapo. Rezini tupu, yaani jelikoti au puti isiyo na nyuzi za kuizuia, hutaka kurefuka zaidi ya hata fibaglasi yenyewe. Kwa hivyo matabaka yaliyogandamana hayakubaliani kamwe juu ya kipimo, na kila siku huvutana.

Rodi Kopany iko chini kidogo ya mstari wa Ikweta. Boneti yenye rangi nyeusi ikiachwa juani adhuhuri inaweza kupita nyuzijoto 70, na katika maeneo haya ya ziwa si ajabu mvua ya radi kuiangukia alasiri hiyo hiyo na kuipoza kwa dakika chache. Rangi nyeupe hupata joto dogo zaidi. Sidhani kwamba Chevrolet walifikiria hayo walipochagua weupe mwaka wa 1953, lakini mwenye kanopi hapa kwetu ana kila sababu ya kuyafikiria.

Sababu ya pili ni kupinda. Fibaglasi ina nguvu, lakini si ngumu kama chuma. Kwa unene ule ule hupinda kirahisi zaidi ya mara 20. Kila tuta na kila shimo hutikisa paneli, na mtikisiko huo hukusanyika pale paneli inapobanwa: kwenye bawaba za mlango, kwenye pembe za dirisha, kuzunguka tundu la boliti. Rangi ikiwa nyororo hufuata. Ikiwa ngumu, huvunjika.

Sababu ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofanya madhara makubwa zaidi katika gereji zetu, ni unene. Rangi ya kiwandani kwa jumla huwa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Gari lililopakwa mara nne bila rangi ya zamani kuondolewa, huku kila fundi akiongeza puti yake, huvaa koti nene lisiloweza kujikunja. Mwenye gari anayedai apakiwe rangi nzito ili idumu hununua nyufa kwa fedha zake mwenyewe.

Kuna pia suala la aina ya rangi. Magari mengi ya zamani yalipakwa laka, rangi ambayo hukauka kwa tina kuvukiza tu, bila mmenyuko wa kikemikali wa kuifunga. Corvette ziliendelea kupakwa laka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Laka hung'aa kwa namna ya kupendeza mno, lakini kadiri miaka inavyopita hukakamaa. Isitoshe, haisahau tina. Ukiipulizia rangi mpya juu yake, tina ya rangi hiyo hupenya, huivimbisha laka, na inapokauka huivuta na kuipasua. Rangi mpya ikionyesha nyufa katika juma la kwanza au la pili, mtuhumiwa wa kwanza ni laka iliyoachwa chini.

Kuusoma ufa

Fundi mzuri huutazama ufa kabla ya kuugusa, kwa kuwa umbo lake husimulia chanzo chake.

Ufa wenye umbo la nyota, mistari ikitoka kwenye kitovu kimoja, hutokana na pigo. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba pigo hilo mara nyingi limetoka ndani: jiwe lililorushwa na gurudumu chini ya madigadi, au mzigo uliogonga kanopi kutoka upande wa chini. Fibaglasi hubonyea, hurudi mahali pake, na kuuacha ushahidi kwenye jelikoti upande wa pili. Bati lingebaki na boneo la kuonekana, fibaglasi huficha.

Mistari sambamba, mitatu au minne pamoja, ni ya kupinda. Tafuta kinachopindisha. Nyufa zinazozunguka boliti au bawaba ni za kubanwa. Vipande vidogo vidogo vilivyoenea kwenye boneti na paa lakini vikakosekana ubavuni ni vya jua na unene wa rangi. Mstari mmoja mrefu ulionyooka ni mshono.

Ili kujua kina, huhitaji mtambo wa bei ghali. Chukua msasa laini wenye maji, usugue ufa taratibu mahali pamoja. Ufa ukiisha kabla hujafika kwenye rangi ya msingi, shukuru, kwani ulikuwa wa rangi tu. Ukiendelea hadi kwenye jelikoti, kazi imeongezeka. Ukiziona nyuzi, hilo si suala la rangi tena.

Kisha gongagonga sehemu hiyo kwa sarafu. Fibaglasi nzima hutoa sauti kali. Iliyoachana matabaka hutoa sauti ya kufifia, kama mtungi wenye ufa. Sumaku, ambayo mafundi wetu huitumia kutambua puti kwenye bodi ya chuma, haifai hapa kwa kuwa hakuna chuma cha kuivuta. Ndiyo maana mnunuzi wa gari la fibaglasi hudanganywa kirahisi kuliko mnunuzi wa gari la bati.

Kuponya

Kanuni haina njia ya mkato: chanzo kiondolewe kwanza. Boliti ilegezwe na kuwekewa mpira na washa pana. Bawaba iliyokakamaa ipakwe grisi au ibadilishwe. Kiunzi kilicholegea kikazwe. Bila hivyo, rangi bora zaidi duniani itapasuka.

Rangi ya zamani ikiwa nene au ya laka, lazima itoke yote. Hapa ndipo bodi nyingi huuawa. Dawa kali za kuondolea rangi zilizokusudiwa bati hula rezini pia, hujificha ndani ya nyuzi, na kujitokeza baada ya miezi kama malengelenge chini ya rangi mpya. Moto wa tochi huunguza rezini. Mchanga wa kupulizwa kwa nguvu hutoboa jelikoti na kuacha maelfu ya vijishimo. Kinachobaki ni kazi ya mkono: wembe mpana na msasa, siku baada ya siku. Ni kazi ya kuchosha, na fundi anayeitoza fedha nyingi si mwizi.

Ufa ulioishia kwenye jelikoti hupanuliwa kwa ncha hadi uwe na umbo la mfereji, kisha hujazwa rezini au jelikoti mpya. Kuujaza ukiwa mwembamba kama unywele ni kazi bure, maana rezini haiingii. Ngozi ikiwa imepasuka kote, huchunwa, na bodi hufunikwa kwa kitambaa chembamba cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini.

Ufa uliofika kwenye nyuzi huhitaji kuchongwa kwa mteremko mrefu pande zote. Kiraka cha kupachika juu tu hakitoshi, sharti mikeka mipya ishikane na ya zamani kwa upana. Waundaji wa mashua hupima mteremko wa karibu mara 12 ya unene, yaani bodi ya milimita 3 huchongwa kwa takriban milimita 36 kila upande. Inapowezekana, mikeka hulazwa pia kutoka ndani. Puti haiwezi kuchukua nafasi ya mkeka. Puti ni ya kusawazisha.

Halafu kuna kungoja, jambo ambalo wateja hawalipendi. Rezini huonekana ngumu baada ya saa chache, lakini huendelea kuganda na kunywea kwa siku nyingi. Ikipakwa rangi mapema, baada ya miezi kiraka hujichora juu ya rangi, hata alama za mkeka zikaonekana jua linapopiga kwa mshazari. Afadhali bodi iachwe wiki kadhaa, ikipata joto la jua, na isawazishwe kwa mara ya mwisho baada ya hapo. Msimu wa mvua za masika si wakati wa kazi hii, kwa kuwa nyuzi zilizo wazi hunyonya unyevu kama utambi.

Rangi ya msingi ya epoksi hupendwa na wengi kwa sababu hushika vyema na huzuia tina kupenya. Juu yake hupakwa rangi ya sasa ya vitu viwili, ile inayochanganywa na dawa yake ya kugandisha kabla ya kupulizwa. Hiyo hufungamana kikemikali na huvumilia kupinda kuliko laka.

Rangi hiyo ina hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Dawa yake ya kugandisha huwa na kemikali za isosayaneti, ambazo mvuke na ukungu wake huweza kumsababishia mpulizaji pumu ya kudumu. Mtu akishaathirika, hata kiasi kidogo baadaye huweza kumbana kifua vibaya. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Kinachohitajika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, kifaa ambacho ni nadra kukiona kwenye vibanda vya kando ya barabara. Vumbi la kusugua nyuzi za kioo nalo huwasha ngozi na kudhuru macho na koo. Lisuguliwe kwa maji kila inapowezekana.

Thamani ya rangi ya zamani

Kwa magari ya michezo yenyewe kuna swali ambalo mwenye kanopi hana haja ya kujiuliza: je, nyufa ziondolewe kabisa?

Wakusanyaji wa magari ya kale huheshimu rangi ya kiwandani iliyosalia, hata ikiwa na nyufa, kwa hoja kwamba gari huweza kupakwa upya mara nyingi lakini huwa jipya mara moja tu. Gari lenye laka yake ya asili iliyochanika kidogo huweza kuvutia bei kubwa kuliko lililopakwa likang'aa. Kwa upande mwingine, katika mashindano ya Africa Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka wa 1970, usafi na umaridadi wa gari ndio huhesabiwa. Mwenye gari lazima aamue anamtumikia nani. Binafsi ningeziacha nyufa za jua, ambazo ni makunyanzi ya uzee tu, na kuzitibu bila kuchelewa zile zenye umbo la nyota.

Ufa kwenye mashua

Ziwani hesabu ni nyingine. Mashua nyingi za upande huu wa Ziwa Victoria bado ni za mbao, lakini za fibaglasi zipo, zikibeba abiria na samaki. Ufa ulio juu ya mkondo wa maji ni sura mbaya tu. Ulio chini yake ni mlango. Maji hupita kwenye jelikoti, hufuata nyuzi kwa ndani, huzitenganisha na rezini polepole, na mashua huwa nzito mwaka hadi mwaka bila mwenyewe kujua sababu.

Sarafu ile ile ya kugongagonga inafaa huko. Ikisikika sauti ya kufifia, mashua haina budi kupandishwa nchi kavu, ngozi iliyopasuka ifunguliwe, na ianikwe chini ya paa lenye kupitisha hewa kwa majuma kadhaa kabla ya mkeka mpya kulazwa. Mvuvi anayekula kwa alichovua jana hana majuma hayo. Kwa hivyo mashua huzibwa ikiwa bado imelowa, hupakwa rangi ya buluu, na kurudishwa majini.